Kujiandaa kutibiwa kansa ya tezi dume kwa mawimbi ya ultrasaundi

Kwanza hakikisha hii tiba inakufaa, maana ni ya kansa ambayo bado imo ndani ya tezi tu, ikishasambaa kwenye mifupa haikusaidii, kwa hiyo usikubali kupangiwa tarehe kabla hujafanya MRI (picha ya ndani ya mwili kwa sumaku) na biopsi (kutolewa vipande vidogo vya tezi vikapimwe) ikaonekana uvimbe umekaa wapi hasa. Muulize pia daktari kama tezi yako ina vijiwe vya chokaa, watu wengi hawaulizi hili na ni muhimu sana, vijiwe vinaziba mawimbi yasifike panapotakiwa.

Siku yenyewe unasafishwa utumbo, unapigwa ganzi ya mgongo au nusu kaputi, halafu kifaa chembamba kinaingizwa kupitia njia ya haja kubwa. Hicho hicho kinampa daktari picha na kinaunguza kansa kwa joto. Mawimbi yanakutana sehemu ndogo kama punje ya mchele, joto linapita digrii 60, seli zinakufa hapo hapo, kisha anasogea punje nyingine, hivyo hivyo mpaka eneo liishe, masaa kadhaa.

Utatoka na mpira wa mkojo, siku chache au wiki na zaidi kidogo, kwa sababu tezi inavimba. Kunywa maji. Mkojo ukigoma baada ya mpira kutolewa, au homa ikipanda, rudi hospitali siku hiyo hiyo, tafadhali usingoje kesho. Nguvu za kiume zinaweza kupungua, ongea na mkeo mapema. Na kipimo cha PSA, kile cha damu cha kufuatilia tezi dume, usikiache hata ukijisikia mzima kabisa, kansa inaweza kurudi kimya kimya.