Jinsi ya Kuipima Mashine ya Eliptika Kabla ya Kuinunua kwa Mazoezi ya Nyumbani

Mashine ya eliptika, ile yenye pedali mbili zinazozunguka kwa umbo la yai na mishikio inayokwenda mbele na nyuma, mara nyingi husifiwa kwa skrini yake na wingi wa programu zake, ilhali jambo la kwanza kukaguliwa ni urefu wa hatua. Chukua futikamba, sukuma pedali moja hadi ifike mbele kabisa, tia alama usawa wa ncha yake, kisha ivute hadi nyuma kabisa na upime umbali kati ya nukta hizo mbili. Mtu mzima wa kimo cha kawaida huhitaji takriban sentimita 45 hadi 51, na anayezidi sentimita 180 hustarehe zaidi kwenye 51 na kuendelea. Mashine nyingi ndogo hazifiki hata sentimita 40, na mtu mrefu akiipanda ya namna hiyo huhisi kama anakanyaga vidato vifupi: nyonga hainyooki, goti hukunjwa zaidi ya inavyopaswa, na baada ya muda mfupi mapaja huchoka kabla moyo haujafanya kazi yoyote ya maana.

Baada ya hapo tazama nafasi iliyopo kati ya pedali. Simama sakafuni kama unavyosimama siku zote, uangalie nyayo zako zimeachana kiasi gani, kisha panda mashine na ulinganishe. Nafasi ikiwa pana mno, nyonga hulazimika kuyumba kushoto na kulia na goti hubanwa upande wa ndani, kasoro ambayo hakuna marekebisho yatakayoiondoa baadaye. Pedali yenyewe iwe kubwa kiasi cha kukuwezesha kusogeza wayo mbele na nyuma katikati ya zoezi. Katika eliptika mguu haunyanyuki kabisa, na ndiyo maana viungo havipati mtikisiko kama wa kukimbia. Lakini kukanyaga sehemu ileile kwa muda mrefu ndiko kunakosababisha vidole kufa ganzi.

Jaribio la dakika moja dukani halitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza watu wazima wafanye mazoezi ya nguvu ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki, kwa hiyo mashine isiyostahimilika kwa nusu saa itageuka kuwa mahali pa kuanikia nguo. Vaa viatu vya mazoezi na uiendeshe kwa dakika 10 angalau: anza na ukinzani mdogo, yaani ugumu wa kusukuma pedali, uongeze hatua kwa hatua, halafu uzungushe kinyumenyume. Mwendo usikwame pedali inapofika juu au chini, wala mishikio isikuvute hadi ukainama.

Kisha mwombe mtu mwingine apande nawe uchutame kando, sikio likiwa karibu na ekseli. Mlio wa kugonga unaosikika mara moja kwa kila mzunguko huashiria bolti iliyolegea au beringi iliyochakaa. Mkwaruzo unaofuata reli hutokana na uchafu au na magurudumu yaliyolika, na mlio mkavu wa kwenye viungo ni dalili ya kukosa kilainishi. Kwa mashine iliyokwisha kutumika, ukaguzi huu una thamani kuliko maelezo yote ya muuzaji.

Ukinzani wa sumaku ndio ninaoupendekeza kwa nyumbani, kwa kuwa sumaku haigusani na gurudumu la ndani, hivyo haina cha kulika na kelele zake ni chache. Gurudumu hilo likiwa jepesi sana, mwendo huwa wa kushtukashtuka; kilo 7 hadi 10 huleta ulaini wa kuridhisha. Uzito wa juu wa mtumiaji ulioandikwa na mtengenezaji uzidi wako kwa kilo 15 au 20. Tafuta pia alama ya kiwango cha ISO 20957, ambacho sehemu yake ya 9 inahusu mashine hizi. Herufi H maana yake ni matumizi ya nyumbani.

Kuhusu skrini sina mengi. Idadi ya kalori ni makadirio tu, inayofaa kulinganisha zoezi la leo na la jana kwenye mashine ileile, na vihisi vya mapigo ya moyo vilivyo kwenye mishikio havina usahihi wa mkanda wa kifuani.

Kinachosahaulika zaidi ni dari. Jumlisha kimo cha mtumiaji mrefu kuliko wote, kimo cha pedali inapofika juu kabisa, na sentimita 15 za usalama: mtu wa sentimita 178 juu ya pedali inayofika 40 anahitaji dari ya sentimita 233. Pima na upana wa mlango, kwani mashine nzito, ambayo ndiyo iliyo tulivu zaidi, inaweza kufikia kilo 100 na si rahisi kuigeuzageuza mlangoni.

Mwenye maradhi ya moyo au aliyefanyiwa upasuaji wa viungo amwone daktari kabla ya kununua. Dhamana isomwe ikitenganishwa: fremu, vipuri na gharama za fundi huwa na muda tofauti. Mashine ikishafungwa, isawazishe kwa miguu yake ya kurekebisha, na baada ya wiki mbili za matumizi kaza tena bolti zote.