Somo: Kupima kina na mwanga wa ziwa kwa kamba, kama walivyoanza watafiti wa bahari kuu

Wakuu, somo nililoahidi hili hapa. Wanafunzi wa klabu yangu ya sayansi hapa Mwanza wanaamini kuchunguza vilindi vya bahari ni kazi ya manowari na mabilioni. Manowari zilikuja baadaye, kazi ilianza na kamba. Meli ya Uingereza iitwayo HMS Challenger ilizunguka bahari za dunia kuanzia Desemba 1872 hadi Mei 1876, ikisimama kila mara kushusha kamba yenye uzito. Tarehe 23 Machi 1875, magharibi ya Pasifiki, uzito uligusa chini kwenye pima 4,475, yaani zaidi ya mita 8,100. Pima yao haipishani sana na ile ya mvuvi wa Igombe anayepima kamba kwa kunyoosha mikono.

Sisi hatuhitaji urefu huo. Ziwa Victoria lote, penye kina kirefu kabisa, ni kama mita 80, na huku ghubani ni kidogo zaidi. Kamba ya mita 30 inatosha na kubaki.

Hatua ya 1: Kamba. Nunua ya nailoni, unene wa kidole kidogo. Iloweke usiku kucha kwanza, ivute, ndipo uweke alama. Mimi niliweka alama kamba ikiwa kavu, ikavutika majini, vipimo vya siku nzima vikaharibika. Funga kitambaa cheupe kila mita moja na chekundu kila mita tano.

Hatua ya 2: Bildi, yaani uzito unaofungwa mwishoni mwa kamba kupimia kina. Jaza zege kwenye kopo la nyanya, chomeka kitanzi cha waya kabla halijakauka. Kitako cha kopo kiwe na kishimo, na ndani yake ushindilie sabuni ya mche iliyolainishwa. Sabuni hiyo ndiyo itakayokuletea habari za chini. Mabaharia wa zamani walipaka shahamu kwenye bildi zao za madini ya risasi kwa kazi hiyohiyo.

Hatua ya 3: Kushusha. Nendeni asubuhi, kabla upepo haujaamka, kila mtu na jaketi lake la kuokoa maisha, na mwenye mtumbwi awe mtu anayejua viboko wanashinda wapi. Kamba ishuke wima. Ikilala upande kwa sababu mtumbwi unasukumwa, usiandike kitu, rudia. Bildi ikigusa chini utasikia mkononi: uzito unakatika ghafla. Penye mwamba hugonga, penye tope huzama taratibu kama mtu anayekaa kwenye sofa.

Mara ya kwanza mzee aliyetupeleka alitazama mawe ya ufukweni akasema, "Hapa pima tatu, tope." Tukashusha: mita 5.2. Pima tatu ni kama mita tano na nusu. Sabuni ikapanda na tope jeusi, vipande vya maganda ya konokono na harufu ya yai viza. Wanafunzi wakaziba pua. Nikawaambia wainuse tena, maana harufu hiyo ina hadithi ndefu. Mwaka 1977 watafiti waliozamia kwa manowari ndogo ya utafiti iitwayo Alvin karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi, walikuta chemchemi za maji moto zinazotoa gesi hiyohiyo ya yai viza, na pembeni yake minyoo mirefu, kome wakubwa na kaa, mahali ambapo jua halijawahi kufika. Bakteria walikuwa wanatumia gesi hiyo kutengeneza chakula, na wanyama wengine wakiishi kwa mgongo wao. Kabla ya hapo karibu kila kitabu kilisema uhai wote hatimaye hulishwa na jua.

Hatua ya 4: Sahani, ya kupima mwanga unapenya maji kiasi gani. Chukua vifuniko vitatu vya ndoo vinavyolingana. Kimoja paka rangi ya mafuta nyeupe, cha pili nyekundu, cha tatu bluu ya anga. Toboa katikati, pitisha kamba, ning'iniza jiwe chini yake ili kilale sawa. Padri Mtaliano Angelo Secchi alifanya hivi katika Mediterania mwaka 1865, na hadi leo wapimaji wa maziwa wanaitumia sahani yake. Shusha nyeupe upande wenye kivuli cha mtumbwi mpaka ipotee, soma kamba. Ivute polepole mpaka ionekane tena, soma. Kipimo chako ni katikati ya hizo mbili. Karibu na ufukwe sisi tulipata sentimita 90.

Hatua ya 5: Rangi. Hapa ndipo ninapotaka mtumie muda. Shusha nyekundu, kisha bluu. Kwetu ya bluu iligeuka kijivu, kisha ikawa nyeusi, wakati nyekundu bado inaonekana kama kaa la moto lililofifia.

Baharini ingekuwa kinyume. Maji safi ya bahari humeza mwanga mwekundu kwanza, wa bluu ndio unaozama mbali. Ndiyo maana kamba wengi wa vilindini (wale wa kuliwa, jamii ya uduvi) ni wekundu: mahali pasipo na mwanga mwekundu, mnyama mwekundu ni mweusi tu, haonekani. Ziwa letu lina mwani na tope, na hivyo humeza bluu mapema, kinachobaki chini ni njano na nyekundu.

Na furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wanajua! Kwenye visiwa vya mawe vya Ghuba ya Mwanza kuna furu wawili wanaokaribiana sana. *Pundamilia pundamilia*, dume lake la kibuluu, hukaa juu juu. *Pundamilia nyererei*, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, dume lake lina mgongo mwekundu na hukaa chini zaidi, ambako macho yake yameumbika kuona wekundu vizuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba pale maji yalipochafuka sana, majike hawatofautishi madume na samaki hao huchanganyika. Kwa hiyo sahani yako ya ndoo inapima kitu kinachoamua nani anaolewa na nani.

Hatua ya 6. Andika tarehe, saa, mawingu, upepo, mahali. Kwa penseli, maana wino wa kalamu hukimbia ukilowa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kasia Mbili: Mkuu, huko mita elfu kumi samaki hawabonyei?
Jibu: Kila mita kumi za maji huongeza mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yetu. Lakini kinachobonyea ni hewa, maji hayabonyei kirahisi. Furu ukimvuta haraka kutoka chini hufika tumbo limevimba kwa sababu ya kibofu chake cha hewa. Samaki wa vilindi virefu kabisa hawana kibofu hicho, miili yao ni kama jeli. Aliyepigwa picha chini kuliko wote alikuwa mita 8,336, karibu na Japani, mwaka 2022. Watu wenyewe walifika karibu mita 10,900 tarehe 23 Januari 1960, Jacques Piccard na Don Walsh ndani ya chombo cha kuzamia kiitwacho Trieste. Walikaa chini dakika ishirini hivi.

Binti wa Ukerewe: Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, anauliza kama huko gizani kuna taa.
Jibu: Mwambie kuna samaki wenye karabai yao kichwani, shemeji. Jike lina kijiti juu ya mdomo, ncha yake ina bakteria wanaong'aa. Windo likisogelea mwanga, linamezwa.

Mwl. wa Fizikia: Rangi ya bluu kiasili ni nzito kuliko nyekundu. Umejuaje kwamba ni maji na siyo rangi ya dukani?
Jibu: Umenishika, mwalimu. Ndiyo maana nilichagua bluu ya anga, lakini haitoshi. Pimeni pia mbali na ufukwe, penye maji safi zaidi, kwa vifuniko vilevile. Pengo kati ya nyekundu na bluu likibadilika, basi si rangi ya dukani.

Mdau wa Tanga: Huku kwetu je?
Jibu: Wewe una bahati, una bahari na una silikanti, yule samaki wa kale wa vilindini. Yeye kwa kawaida anakaa mita mia na zaidi, kamba yako haimfikii. Shusha sahani ukiwa nje ya bandari, uniandikie ipi imepotea kwanza.