Jinsi ya kutazama michongo ya Wamaya kwenye magofu yao

Wageni wengi hufika kwenye magofu ya Wamaya, watu wa kale wa Meksiko na Amerika ya Kati, karibu na saa sita mchana, wakapiga picha ya piramidi na kuondoka bila kuona mchongo hata mmoja vizuri. Michongo mingi haikuchimbwa kwa kina, na jua la utosini huifuta: pasipo kivuli, hakuna mstari unaoonekana. Kwa hiyo panga siku yako kwa kufuata mwanga. Piramidi haiendi popote.

Chichén Itzá na Uxmal, huko Meksiko, hufungua malango saa 2 asubuhi. Tikal, kule Guatemala, saa 12 asubuhi. Uwe umeshafika. Kabla ya kuingia, angalia kwenye ramani jengo lipi linatazama upande gani. Ikulu ya Gavana huko Uxmal inatazama mashariki, kwa hiyo uso wake utazame kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Wakati huo jua linapanda na mwanga unashuka kwa mshazari, na kila pua ya vinyago vya Chaac, mungu wa mvua, inatupa kivuli chake. Ukifika alasiri utakuta uso wote umo kivulini. Majengo yanayotazama magharibi yaachie saa 9 na kuendelea.

Msimu mzuri ni Novemba hadi Aprili, kabla ya mvua. Beba maji lita 2, dawa ya mbu, viatu visivyoteleza, na fedha taslimu za nchi husika: peso kwa Meksiko, quetzal kwa Guatemala, lempira kwa Honduras. Ongeza darubini ndogo kwa nakshi za juu ya mapaa, tochi, na kioo cha mkononi. Stendi ya kamera nchini Meksiko inahitaji kibali, na droni bila kibali ni marufuku.

Kioo kina kazi yake Yaxchilán, huko Meksiko, kando ya mto Usumacinta. Huko michongo bora iko upande wa chini wa linta, yaani jiwe linaloziba juu ya mlango, juu ya kichwa chako unapopita. Wengi hupita bila kujua. Simama mlangoni, shika kioo usawa wa kiuno, utazame humo badala ya kukunja shingo; kumbuka tu kwamba picha imegeuka, kushoto ni kulia. Tochi utaihitaji ndani ya Jengo la 19, ambalo ni giza na lina popo. Linta ya 24, inayomwonyesha Bibi K'abal Xook akipitisha kamba yenye miiba kwenye ulimi wake mbele ya mumewe mfalme, usiitafute hapo: iko British Museum, London. Yaxchilán hufikiwa kwa boti kutoka Frontera Corozal. Patana na nahodha muda wa kukusubiri kabla hujapanda, na uulize siku hiyohiyo kama eneo liko wazi, maana limewahi kufungwa kwa sababu za usalama.

Bonampak, yenye michoro ya rangi ukutani, iko karibu na hapo, na ndiyo sehemu ya kutotazama haraka. Vyumba ni 3, vilipakwa rangi miaka ya 790, na huingia watu wachache kwa zamu. Mwako wa kamera hauruhusiwi. Zima tochi pia, subiri dakika 2 au 3 macho yazoee, ndipo buluu itakapojitokeza: ni nili iliyochanganywa na udongo wa paligoskaiti na kupashwa moto, ndiyo maana haijapauka. Katika chumba cha 2 vita vimejaa kuta 3, na watu hutoka wakidhani wameona yote. Geuka utazame ukuta wa mlango uliopitia. Mateka wako pale kwenye ngazi, damu ikiwatoka vidoleni.

Jambo moja la kujifunza kabla ya safari ni kusoma tarehe. Nukta ni 1, mstari ni 5, alama ya kombe la baharini ni sifuri. Maandishi husomwa kwa safu mbilimbili: kushoto, kulia, kisha unashuka. Juu kabisa tafuta alama kubwa ya kufungulia, halafu alama 5 za tarehe. Katika nguzo nyingi za mawe za kipindi cha Klasiki (karibu mwaka 250 hadi 900), namba ya kwanza kati ya hizo 5 ni 9, yaani mstari mmoja na nukta 4. Hesabu hiyo ya 9 ilianza Desemba 435. Namba inayofuata izidishe kwa miaka 19.7, na ya tatu ihesabu karibu mwaka mmoja kwa kila moja. Nguzo E ya Quiriguá, huko Guatemala, yenye urefu wa zaidi ya mita 10, ni 9.17.0.0.0: 17 mara 19.7 ni kama 335, na ukianzia Desemba 435 unaangukia Januari 771.

Kosa la kawaida hutokea kwenye nukta. Mchongaji hakupenda nafasi tupu, kwa hiyo pembeni ya nukta moja aliweka vijipambo viwili vya umbo la hilali. Anayeanza huvihesabu, na 6 inakuwa 8. Nukta halisi ni ya mviringo. Ukikuta kichwa badala ya mistari, hiyo pia ni namba, ila ni ngumu. Iache hadi uzoee.

Copán, Honduras, ni tofauti, kwa sababu jiwe lake ni la volkano na lilichongeka kwa kina, karibu kama sanamu kamili. Zunguka kila nguzo pande zote 4. Altari Q, jiwe la mraba lililochongwa pande 4, ina wafalme 16, wanne kila upande. Anza magharibi, ambapo mfalme wa kwanza anamkabidhi wa 16 alama ya utawala. Iliyo uwanjani ni nakala, na ya asili iko kwenye jumba la makumbusho ya sanamu hapohapo, kwa hiyo tenga angalau saa moja na nusu kwa jumba hilo.

Usiguse mchongo, hata kwa ncha ya kidole, kwani jasho na mafuta ya ngozi huingia kwenye chokaa. Usiumwagie maji wala kuupaka chaki ili alama zionekane. Ukishindwa kuziona, sogea hatua mbili kando, au urudi jua likiinama.