Namna ya kuitazama Where Eagles Dare bila kupotea njiani

Filamu hii ya 1968, ya Richard Burton na Clint Eastwood, huzidi saa mbili na nusu, anza mapema. Zima taa: sehemu kubwa ni usiku na theluji, na mwanga wa chumbani hufifisha nyuso. Mistari myeusi juu na chini iache. Ukivuta picha ijaze kioo, pembeni patakatwa. Shika majina matatu ya wahusika: Thomas, Berkeley, Christiansen. Usipoyashika, mazungumzo ya ukumbini ndani ya ngome yatakuacha hoi, na humo ndimo fumbo linamofunguliwa, kwa hiyo simu kaa nayo mbali. Pigano juu ya kibanda kinachoning'inia kwenye waya halihitaji maelezo. Ongeza sauti tu.