Mshkaji wako ana mawazo? Kaa naye hivi

Huku kwetu ukiuliza fulani anaumwa nini unaambiwa "ana mawazo tu", na hiyo "tu" ndo inatuponza. Washona wa Zimbabwe wanaita kufungisisa, yaani kuwaza kupitiliza, na ni huko Harare, mtaa wa Mbare, ambako mwaka 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alichukua bibi 14 wa mtaani akawafundisha kusikiliza watu, wanakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati basi. Mwanzo yaliitwa mabenchi ya afya ya akili na watu wakayakwepa kama ukoma, bibi wenyewe ndo wakasema hapana, yaiteni ya urafiki. 2016 utafiti wa watu 573 ukatoka kwenye jarida la kitabibu la JAMA: baada ya miezi 6, kwa waliopata huduma ya kawaida karibu nusu bado walikuwa na dalili za sonona (depression), waliopitia benchi ni kama 14 kwa kila 100. Benchi na mtu wa kukusikiliza!

Mimi nilianza vibaya. Rafiki yangu alipunguzwa kazi nikamwambia komaa, wenzako wana shida zaidi yako, nikawa namrushia zile klipu za kuhamasisha kila asubuhi. Miezi mitatu hakupokea simu yangu, na alikuwa na haki.

Sasa fanya hivi. Usimtumie meseji ya "nataka tuongee", hiyo inamtisha mtu mzima. Mfuate alipo, kaeni ubavu kwa ubavu, barazani, kwenye ngazi, au msindikize gereji, maana mtu akikaziwa macho anafunga mdomo. Simu weka mfukoni. Anza na vitu vya kawaida vya wiki hii: unalala? unakula? kuna siku ulilia? Bibi wa Harare wana maswali 14 ya ndiyo na hapana ya namna hiyo, wewe manne yanatosha. Halafu nyamaza, na ukimya ukiwa mrefu usiujaze na stori ya binamu yako aliyepitia makubwa zaidi.

Hatua hii ya kwanza kwa Kishona ni kuvhura pfungwa, kufungua fikra, na ndo yenye kazi kubwa kuliko zote kwa sababu mtu mwenye mawazo hana shida moja, ana fundo, kodi imejifunga na deni, deni limejifunga na mke aliyerudi kwao, akivuta huku kule kunakaza. Akishamwaga yote mrudishie moja moja: umesema kodi, umesema mke, umesema deni la baba mdogo, nimesahau ipi? Mara nyingi hapo tu utaona mabega yanashuka.

Kisha achague YEYE moja ya kuanza nayo, sio wewe. Yule rafiki yangu, mimi ningemchagulia kutafuta kazi, yeye akachagua deni la baba mdogo, aliyekuwa anamdai elfu 80, na kila siku rafiki yangu anazunguka uchochoro wa nyuma asipite dukani kwa baba mdogo. Nikaona anakwepa la maana, kumbe lile ndo lilikuwa linamnyima usingizi. Alienda akafokewa wee, halafu wakakubaliana alipe elfu kumi kumi, na usiku huo akalala. Kazi alianza kuitafuta wiki iliyofuata bila mtu kumsukuma.

Ila akishachagua muulize vitu vidogo vya kijinga: siku gani, saa ngapi, nauli unayo? Usicheke hiyo nauli. Chibanda mwenyewe husimulia kwamba kabla ya mabenchi alipoteza mgonjwa aliyejiua, alitakiwa aje hospitali na familia haikuwa na hela ya basi. Baada ya siku mbili tatu muulizie "vipi, ulienda?" na kama hakwenda usimsute, uliza tu kilichokwamisha nini, mkipange upya.

Akianza kusimama, mtoe mikononi mwako, mpeleke kwenye kundi. Bibi wanawaunganisha watu na vikundi ambako wanafuma mabegi huku wanapiga stori. Hapa kwetu kuna vikoba, kwaya, jogging ya Jumamosi, chochote chenye kazi ya mikono au miguu. Kijiwe cha kulalamika kutwa nzima hapana, pale mawazo yanapikwa upya.

Na akigusia kufa, muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpandikizii hilo wazo. Hapo ya benchi yameisha, usimwache peke yake, ondoa sumu na madawa nyumbani, panda naye gari mpaka hospitali, sio umwelekeze tu.

Wewe pia tafuta wa kukaa nae, maana shida za mtu zinanata. Mimi nikitoka huko nampigia dada yangu, siri ya mtu simtolei, namwambia tu leo nimechoka, hebu nipe habari za kuku wako.