Jinsi ya Kuingia Katika Raha ya Kristo Badala ya Kujitaabisha kwa Matendo

Anayetaka kuionja raha ambayo Kristo anaiahidi aanze kwa kujichunguza katika jambo moja: siku aliyokosa kusali, au aliyorudia dhambi aliyokwisha kuapa kuiacha, moyo wake hukimbilia wapi? Mimi nilikuwa na daftari nililoandikia saa za maombi na siku za kufunga, na kila siku iliyotimia niliitia alama ya vema. Zilipopita siku tatu bila alama, sikuthubutu kumwomba Mungu lolote. Nilifunga kwanza siku mbili za kufidia, ndipo nikajiona ninafaa kusogea mbele zake. Daftari lenyewe halikuwa na kosa, ila mimi nililisoma kama stakabadhi ya malipo, ilhali Paulo anaeleza katika Warumi 4:4-5 kwamba ujira wa mfanyakazi ni deni analodai, na kwamba anayehesabiwa haki ni yule anayemwamini Mungu amhesabiaye haki mtu asiye haki.

Ukishaujua mwelekeo wa moyo wako, usifanye haraka kuurekebisha. Itazame kwanza kazi iliyokwisha kufanywa. Soma Waebrania 10:11-14 polepole, hata mara kadhaa kwa juma, ukiangalia tofauti kati ya kusimama na kuketi. Kuhani wa agano la kale husimama kila siku akitoa dhabihu zile zile. Kitabu cha Kutoka kinapotaja vyombo vya hema ya kukutania, tunakuta meza, kinara cha taa, madhabahu na birika la shaba, lakini hatukuti kiti cha kuhani kupumzikia. Hata kile kinachoitwa kiti cha rehema kilikuwa kifuniko cha sanduku la agano, wala hapakuwa mahali pa mtu kukalia. Kazi ya kuhani haikuwa na mwisho. Kristo alitoa dhabihu moja, akaketi mkono wa kuume wa Mungu. Neno alilolitamka msalabani, "Imekwisha", katika Kigiriki cha Yohana 19:30 limo katika namna ya kitenzi inayoonyesha tendo lililokamilika na matokeo yake yakadumu. Basi unapoona umechoka kujitakasa, jiulize ni sehemu gani ya kazi hiyo unayodhani ilibaki kwa ajili yako.

Hatua inayofuata ndiyo ngumu kuliko zote: omba kabla hujafidia. Ukianguka, ungama saa ile ile, uitaje dhambi kwa jina lake, kisha ushukuru kwa msamaha ulioahidiwa katika 1 Yohana 1:9, uishie hapo. Wengi wetu hushindwa kuishia hapo, kwa kuwa tunaona ni lazima tuongeze nadhiri, kwamba kuanzia kesho tutaamka alfajiri au tutafunga juma zima, na kumbe nadhiri hiyo ni njia ya kulipa kwa awamu kile ambacho tumetoka kupewa bure. Toba ya kweli hugeuza mwenendo, naam, lakini haimpangii Mungu bei.

Je, matendo mema yaachwe? La hasha. Waefeso 2:8-10 huyaweka baada ya neema, kama matunda ya wale waliokwisha kuokolewa. Ndugu mkubwa katika mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, alimtumikia baba yake miaka mingi, lakini aliihesabu miaka yake kama kibarua asiyelipwa, na baba akamjibu kwamba vyote alivyo navyo yeye baba ni vya mwanawe huyo. Ikiwa ipo huduma unayoifanya kwa hofu tu, mwombe kiongozi wako akupumzishe kwa majuma machache, ukae kwenye benchi pamoja na waumini wengine, uone kama bado unaamini kwamba unapendwa ukiwa huna zamu yoyote. Najua ushauri huu huwashtua watu wenye bidii, nami nautoa kwa sababu hao ndio wanaouhitaji zaidi.

Usishangae hofu ya zamani ikirudi. Katika Mathayo 11:28-29 Yesu anataja raha mara mbili: kwanza anaahidi kumpumzisha yeyote anayemjia na mzigo wake, kisha anasema kwamba wanaojitia nira yake na kujifunza kwake watapata raha nafsini mwao. Ile ya kwanza hupokewa mara moja, na hii ya pili huingia taratibu, mtu akiwa kazini pamoja naye.

Daftari langu bado ninalo. Siku hizi huandika humo majina ya watu ninaowaombea, na ukurasa ukibaki mtupu siku tatu, siku ya nne hupiga magoti nikaanza na "Baba", kama ilivyo siku nyingine zote.