Jinsi ya Kupima Mkataba wa Kazi ya Uzamiaji Kabla ya Kutia Saini

Mwalimu wa uzamiaji anapoitwa kazini, mara nyingi hutajiwa tarakimu moja tu: kiasi atakacholipwa kwa kila mzamo, au kwa kila mwanafunzi atakayepata cheti. Tarakimu hiyo haikuonyeshi ujira wako halisi, kwa sababu muda unaokuwa chini ya maji ni sehemu ndogo ya kazi. Mwombe mwajiri akusimulie siku nzima ya kazi, tangu saa ya kufika kituoni, kupakia mitungi ya hewa, kusafiri kwa mashua na kuwapa wageni maelezo, hadi kuosha vifaa kwa maji yasiyo na chumvi, kujaza mitungi upya na kuandika kumbukumbu. Mizamo miwili ya dakika 45 kila mmoja inaweza kumaliza saa sita bila wewe kutambua zilivyokwenda. Gawanya malipo ya siku kwa saa hizo zote, wala usiyagawanye kwa dakika 90, ndipo ulinganishe kazi moja na nyingine.

Swali la pili ndilo ninaloliona kuwa zito kuliko yote: siku usiyozama utalipwa nini? Bahari ikichafuka, wageni wakikosekana au wewe ukiugua, mwenye mshahara wa mwezi bado ana chakula, ilhali anayelipwa kwa mzamo hana kitu. Jambo hili haligusi mfuko peke yake. Katika kina cha mita 10 mwili hubeba shinikizo maradufu ya lile la juu ya maji, na katika mita 30 shinikizo hilo huwa mara nne, nayo naitrojeni, gesi ya hewa inayoweza kumdhuru mzamiaji anapopanda, huzidi kuingia mwilini kadiri mtu anavyokaa chini na kurudia kuzama. Mwalimu huumia zaidi katika hili kuliko mgeni wake, kwa kuwa huzama siku baada ya siku, na katika zoezi la kupanda kwa dharura, linalofanywa na mwanafunzi mmoja mmoja, hupanda na kushuka mara kadhaa kwa muda mfupi. Mwenye mafua asiyeweza kuzibua masikio hapaswi kuzama kabisa. Mkataba unaolipa mzamo peke yake humpa mwalimu huyo sababu ya kuuficha ugonjwa wake, ndiyo maana unapaswa kudai kiwango cha chini cha malipo ya mwezi, siku za mapumziko zilizotajwa kwa idadi, na malipo ya siku za ugonjwa. Iandikwe pia kwamba ukiahirisha mzamo kwa sababu ya usalama hutakatwa chochote.

Kuhusu idadi ya wanafunzi, PADI, shirika la kimataifa la mafunzo ya uzamiaji, imeweka kikomo cha wanafunzi 8 kwa mwalimu mmoja katika mizamo ya baharini ya kozi ya awali. Hicho ni kikomo cha juu, si lengo. Mkondo mkali au maji machafu hukipunguza. Mwajiri anayekokotoa malipo yako kwa kudhani kwamba kila mara utakuwa na wanafunzi 8 anakuahidi fedha ambazo huenda hutaziona.

Kisha orodhesha gharama zitakazotoka mfukoni mwako: ada ya kila mwaka ya uanachama katika shirika la mafunzo, matengenezo ya vifaa vyako, kibali cha kazi na uchunguzi wa afya. Nchini Uingereza, kwa mfano, kanuni za mwaka 1997 za uzamiaji kazini humhesabu mwalimu anayelipwa kuwa mzamiaji aliye kazini, na humtaka awe na cheti cha afya kinachohuishwa kila mwaka. Usichanganye bima mbili zilizo tofauti. Ya dhima hukulinda mgeni akikushitaki. Ya ajali hulipia kusafirishwa kwako na matibabu ya chemba ya shinikizo, chumba cha kutibu madhara ya naitrojeni hiyo, ambayo kwa kawaida huanza kwa kupumua oksijeni katika shinikizo la kina cha mita 18, huchukua karibu saa tano kwa jumla, na huenda yakarudiwa. Omba hati yenyewe ya bima. Neno la mdomo halitoshi hapa.

Kwa wanaoajiriwa katika meli ambazo wageni hulala humo, uliza meli inapeperusha bendera ya nchi gani, na kama mkataba wako unakutambua kuwa baharia. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, pale unapohusika, humhakikishia baharia, ikiwa kipimo kinachotumika ni saa za mapumziko badala ya saa za kazi, mapumziko ya angalau saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 katika kila siku 7. Uliza pia mzamo wako wa mwisho utakuwa lini kabla ya ndege ya kurudi nyumbani. Baada ya siku kadhaa za kuzama, subiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege.

Mwanagenzi anayebadilishana kazi na mafunzo ya uongozi wa wazamiaji naye aandikiwe tarehe ya kuanza na ya kumaliza, masomo atakayofundishwa, na nani atalipia vitabu na cheti. Mpango huo haunisumbui ukiwa na mipaka. Lakini mwanagenzi anayeachiwa kituo au wageni kwa sababu hakuna mwingine wa zamu ni mfanyakazi asiyelipwa, na hakuna jina zuri linaloweza kuubadili ukweli huo.

Bahashishi na kamisheni ya vifaa usizitie katika hesabu ya kodi ya nyumba na chakula, kwa kuwa huja na kuondoka na msimu. Ukishaanza kazi, andika kila jioni saa ulizofanya pamoja na mizamo yako, katika daftari lako mwenyewe na si katika kompyuta ya kituo. Kabla ya kutia saini, zungumza na walimu wawili walioacha kazi mahali hapo, uwaulize mshahara wao wa mwisho ulilipwa baada ya siku ngapi.